Udaktari wa Pancras

Mwalimu Loyce alipohamishwa kutoka Karagwe kuja sekondari moja nje kidogo ya Masasi, alipewa somo la Jiografia pamoja na kazi ambayo walimu wenzake waliikwepa: kuwasaidia vijana wa kidato cha nne kutambua kazi zitakazowafaa. Yeye aliipenda. Alialika watu waje kueleza kazi zao, kisha akawauliza wanafunzi mmoja mmoja wanataka nini.

Siku moja kijana mrefu wa nyuma akasimama. "Mimi Pancras. Nitakuwa daktari."

Hakuna aliyecheka. Hakukuwa na Pancras darasani mle. Kijana yule aliitwa Gervas.

Baada ya kipindi Loyce akamwita. "Gervas, mbona umejiita vile?"

"Nyumbani ndilo jina langu, Madam. Pancras alikuwa kaka yangu."

Kaka huyo alikuwa karibu kumaliza chuo cha uganga. Alipokuwa akirudi likizo, bodaboda aliyopanda iligongana na lori la fuso. Siku ya arobaini mjomba wao alisimama mbele ya ukoo, akamrithisha Gervas jina la marehemu. Alirithi na kitanda, na viatu, na masomo ambayo hayakumalizika. Tangu hapo hakuna mtu nyumbani aliyesema kwamba Pancras amekufa.

Loyce alikwenda kwao Chiungutwa. Mama wa kijana, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Pancras, alimkaribisha kwa korosho za kukaanga. Ukutani lilining'inia koti jeupe, limepigwa pasi.

"Pancras akimaliza mtihani atarudi chuoni," mama alisema.

Atarudi. Hakusema ataenda.

Mwezi uliofuata aliwapeleka wanafunzi hospitali ya Mkomaindo waone kazi zinavyofanyika. Ukumbini muuguzi mmoja akamkimbilia Gervas akicheka. "Pancras! Ulipotelea wapi wewe?" Alikuwa amesoma na kaka mtu, ambaye Gervas alifanana naye sana, na habari za kifo hazikuwa zimemfikia.

"Nilikuwa nyumbani, dada," Gervas akajibu kwa utulivu.

Loyce alimkuta baadaye amekaa peke yake kwenye benchi la nje.

"Lakini wewe mwenyewe unapenda nini?"

"Sijui, Madam. Nikijiuliza, anajibu yeye."

Loyce hakumsukuma. Aliendelea kualika watu, na siku moja akaja mpima ardhi na kifaa chake cha miguu mitatu. Wanafunzi wengine walichungulia, wakapisha. Gervas alichungulia akasahau kuondoka. Alimbebea mpima fimbo yake hadi mpakani mwa shule, akiuliza maswali kwa sauti ambayo Loyce hakuwa ameisikia kabla: ya haraka, ya kitoto kidogo, yenye lafudhi nzito ya Kimakua.

Gervas alipochagua chuo cha ardhi, Loyce alikwenda naye kwao kumweleza mama.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu, unataka nimzike mara ya pili?"

"Hapana, Mama. Ila huyu aliyebaki hapumui."

Mama akaingia ndani. Kilio kilichotoka kilikuwa cha msiba kabisa, hata majirani wakaja mbio wakiuliza nani amefariki. Walipoelewa, hawakumnyamazisha. Walijitanda khanga, wakakaa chini pamoja naye, wakalia kana kwamba maiti iko chumbani. Loyce naye alikaa, akamlilia mtu asiyemjua, akijua kwamba msiba huu ameuleta yeye. Kwa muda mrefu kilio kile kilimfuata hadi darasani. Akiwauliza wanafunzi wapya wanataka kazi gani, alikuwa akikisikia nyuma ya majibu yao.

Gervas alikwenda chuo. Mwaka wa pili mama akafika shuleni na kifurushi cha ming'oko, vile viazi vya porini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Huko chuoni anapimapima nini?"

"Mashamba, viwanja, barabara."

"Na makaburi?"

"Hata makaburi, Mama."

Mama akatazama chini. "Basi akija likizo anipimie la kaka yake. Hatujawahi kulijengea."

Desemba Gervas alikuja na kamba na vigingi, na Loyce akaombwa awepo. Miaka ile hakuna aliyekuwa amepalilia kaburini, na mvua za kwanza zilikuwa zimesawazisha udongo. Walichukua muda mrefu, mama na mwanawe, kukubaliana kaburi lilikuwa linaishia wapi.