Gauni Jeupe la Bi Zaina

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuuguza watu majumbani, Matroni wa hospitali yetu pale Lushoto alinivua sare. "Nenda kavae kitenge," akasema. "Huko vijijini ukionekana na gauni jeupe, unatangaza msiba." Sikumwelewa. Nilisota chuoni ili nilivae gauni lile, na sasa naambiwa nilifiche kama kitu cha wizi.

Nyinyi vijana mnaiita tiba shufaa. Sisi tulisema tu tunakwenda kwa wagonjwa wa nyumbani, yaani wale ambao daktari amekwisha sema hakuna operesheni wala sindano ya kuwaponya. Tulibeba mofini ya maji, dawa chungu ya maumivu ambayo mgonjwa huinywa kwa saa zake, asisubiri mpaka alie. Tuliwafundisha ndugu kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia. Na watu walituogopa. Enzi zile za soko huria kila kiduka kiliuza dawa, na mtu aliamini kidonge cha kumponya kipo mahali, ila fedha ndiyo haitoshi. Nesi akikufuata nyumbani, basi hata fedha haisaidii tena.

Nilipopangiwa upande wa Mlola, nilimkuta Bi Zaina, mjane mwenye saratani ya kizazi, akitunzwa na mke wa mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Onga mshi, mwanangu," akanisalimu kwa Kisambaa. "Rashidi amefika?"

Kila nilipokwenda aliniuliza hivyo. Rashidi, mwanawe wa pekee, alikuwa kibarua katika shamba la chai Usambara ya Mashariki. Shamba lilikuwa limeuzwa, mwajiri mpya alikuwa akipunguza watu, na Rashidi aliogopa kuondoka akarudi na kukuta nafasi yake ina mwingine. Mofini ilimtuliza Bi Zaina tumbo. Kwa swali lake sikuwa na dawa, na liliniuma kila nilipolisikia.

Siku moja akaniambia, "Siku ya soko njoo na gauni lako jeupe. Usimame uani watu wakiwa wanarudi."

"La nini, mama?"

"Nataka kuliona."

Nikamwuliza Matroni. Yeye aliyenivua sare akajibu, "Mgonjwa ndiye anayetuongoza. Vaa. Lakini mimi hujaniambia kitu." Nikatoka ofisini kwake nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Basi nikavaa. Nikasimama uani nikijifanya nanawa mikono, akina mama wa sokoni wakapita na vikapu vyao. Sijamaliza hata kumbadilishia Bi Zaina shuka, jirani mmoja akaingia na mzigo wa kuni. Wa pili akaleta mkungu wa ndizi. Kisha akaja mwanamume na jembe begani, akanong'ona, "Kaburi tunachimba wapi?"

"Jamani, mgonjwa yu hai!" nikasema.

Akanitazama kwa huruma. "Tunaelewa, nesi. Mnangoja ndugu wafike."

Kwetu kifo hufichwa mpaka ndugu wa karibu wakusanyike, kwa hiyo kila nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Jioni ile lori la mboga lilishuka Mombo, kwenye barabara kuu ya kwendea mashamba ya chai, na habari za msiba. Nilirudi Lushoto nikijiuliza nimefanya nini.

Nilipokwenda tena, nikiwa ndani na Bi Zaina, nilisikia mwanamume akija analia tangu barabarani, kumbe ndiye Rashidi. Akaingia ndani, akamkuta mama yake anakunywa uji.

"Unamlilia nani?" Bi Zaina akamwuliza.

Rashidi akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mama yake mikono.

"Si ulituma salamu mwenyewe kwamba huko kwenu ruhusa hutolewa kwa msiba tu? Haya, kaa."

Rashidi alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimekasirika, nimefurahi, sijui. Siku zilizofuata nilimfundisha kupima dawa na kumgeuza mama yake, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Bi Zaina hakuniuliza tena swali lile.

Nimestaafu sasa, nalima kabichi, na manesi wadogo huja kuniuliza kama ule ulikuwa uuguzi au udanganyifu. Sijui. Matroni nilipomsimulia alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniambia nisirudie. Nisirudie nini, hakusema.

Ninachokumbuka vizuri ni asubuhi Bi Zaina alipofariki mikononi mwa mwanawe, ruhusa haijaisha. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge. Tulilia kwa sauti mle ndani, na majirani wakapita njiani wakicheka. "Msalimieni Bi Zaina!" mmoja akaita. "Safari hii hatuji!"

Rashidi akaniletea mkoba wangu, ambamo gauni lilikuwa limekunjwa tangu siku ile ya soko.

"Dada nesi," akasema, "tafadhali, livae."

Nikalivaa huku nalia, nikaenda kusimama uani.