Wanaume Waliokataliwa na Kompyuta

Soko huria lilipotuletea wanunuzi wa korosho wa kila namna, chama chetu cha kuweka na kukopa pale Newala nacho kikaletewa kompyuta, pamoja na mtaalamu wake kutoka Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa kuieleza mashine, kwa lugha maalumu, maana ya mambo yetu: mwanachama ni nani, mdhamini ni nani, mrithi ni nani, na wanahusianaje. Ikishaelewa, inakagua taarifa zetu yenyewe. Isiyolingana na maana hizo inaitia wekundu, na mwenyewe hapati mkopo. Mimi nilikuwa karani wa kuingiza taarifa, na kazi ile niliipenda kupita kiasi.

Siku ya majaribio wanawake wote tukapita. Wanaume karibu wote wakawa wekundu. Sisi makarani wa kike tulicheka mpaka machozi.

Mtaalamu hakucheka. "Mama, mbona wanaume wa huku waongo hivi? Wanaficha watoto wao?"

Kicheko kilinikatika nilipomwona mjomba, kaka yake mama yangu, mlangoni. Alifuata mkopo wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Mikorosho yake ilikuwa imeanza kuchanua, na ubwiriunga, ule ukungu mweupe, ukiyawahi maua, msimu umekwenda na maji. Naye alikuwa mwekundu.

"Shikamoo, mzee," mtaalamu akamwamkia.

"Marahaba."

"Mrithi umemwandika huyu mama hapa. Mashine inataka mtoto wako. Mweke mwanao, mkopo utoke leo."

Mjomba alimtazama kwa huruma. "Mwanangu ana mjomba wake," akasema. "Wangu ni huyu," akaninyooshea kidole.

Mtaalamu akanigeukia, hoi. Nikamweleza kwamba kwetu, iwe Masasi au Newala, mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake. Wanawake tulipita kwa kuwa warithi wetu tumewazaa wenyewe. Mashine yake ilielezwa ukoo wa kwao, si wetu.

Akaguna, kisha akanivutia kiti. Tukaandika upya maana ya mrithi, mjomba akitukosoa kutoka kwenye benchi: "Na asiye na dada je? Mmemsahau!" Tukamwongeza na huyo.

Lakini ili mashine ituunganishe mimi na mjomba, ilibidi nimwingize mama yangu, marehemu, ambaye hakuwahi hata kuwa mwanachama. Nikaandika jina lake. Taarifa ya mjomba ikapita, ya kwanza kabisa kati ya zile nyekundu, na ofisi nzima ikapiga makofi. Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani wa taifa.

Mjomba akazunguka meza. "Nionyeshe ulipo."

Nikamwonyesha: jina lake juu, langu chini, na mstari mwembamba unaotoka kwake kuja kwangu, ukipitia kwa mama. Akaweka kidole pale katikati, kwenye kioo.

"Dada," akaita, taratibu, kama anayebisha hodi.

Kisha akajifuta uso kwa kofia yake. "Haya, salfa iko wapi? Maua hayanisubiri."