Mafuta Yaliyoganda Chini ya Lori

Harufu ya maua ya langilangi yaliyopikwa pamoja na mafuta ya nazi ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu pale Kariakoo. Mama hakuyaamini mafuta ya dukani hata yalipokuwepo, na katika miaka ile ya foleni hayakuwepo. Alikuna nazi, akakamua tui, akalipika mpaka maji yakaisha na mafuta yakajitenga, kisha akatia maua na kuyamimina katika chupa iliyokaa juu ya kabati, mbali na mikono yetu. Yalikuwa mafuta ya nywele za binti zake, nasi tulikuwa watatu, wote wenye nywele nyingi na vichwa vyepesi kuuma. Wakati wa kipupwe mafuta yale yaliganda yakawa meupe, ikabidi chupa ianikwe juani kwanza ndipo tusukwe. Nilizipenda sana asubuhi za baridi, kwa sababu zilimchelewesha Mama kushika chanuo.

Baba alikuwa dereva wa lori la shirika moja la umma. Baadhi ya Jumamosi aliruhusiwa kuja nalo nyumbani, kwani kesho yake lilipakia watu wa mtaa wetu kwenda kulima shamba la ujamaa, ng'ambo ya vilima vya Pugu. Likishaegeshwa mbele ya baraza yetu, mimi nilijiona binti wa mkubwa fulani serikalini. Watoto wa mtaani walikuja kuniomba ruhusa ya kugusa matairi, na kwa ruhusa nilikuwa mchoyo kweli. Baba mwenyewe hakuwa mtu wa kujisifu, lakini alipokuwa akilifuta vumbi lori lile kwa kitambaa, uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuiona popote pengine.

Jumapili moja ya kipupwe watu walikuwa wameshakusanyika na majembe yao, na vikapu vya mihogo ya kuchemsha, wakingoja kupanda. Mama Tatu, mpangaji wa chumba kilichotazamana na chetu, ndiye aliyeona kwamba chini ya lori, nyuma ya gurudumu, pamelowa. Haikuwa nyeusi kama oili ya injini, wala haikuwa maji. Ilikuwa imeganda pembeni, mabonge madogo meupe juu ya mchanga. Baba aliinama, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, halafu akasema bila kumwangalia mtu, "Ni oili ya gia tu hiyo. Si kitu."

"Oili gani nyeupe, Baba Zuhura?" Mama Tatu alimaka. Alikuwa mwepesi wa maneno, na mtoto wake alikuwa mgongoni. "Hayo mafuta ya kupikia hayo! Sisi tunapigana vikumbo kwenye foleni, kumbe mwenzetu analaza madebe ndani ya lori!"

Hakuna aliyecheka. Siku zile mtu akishaitwa mlanguzi, hata kwa utani, mkewe alianza kufikiria nani atamlelea watoto. Mzee Kibwana, balozi wetu wa nyumba kumi, alimwambia Baba kwa upole kwamba ingekuwa vizuri lori likapekuliwa, ili jina lake lisafishwe mbele ya watu. Vijana wakapanda, wakafunua turubai, wakachungulia nyuma ya kiti na ndani ya sanduku la spana. Hawakupata hata chupa.

"Tumekukosea, Ndugu Hamisi, utuwie radhi," alisema Mzee Kibwana. "Haya jamani, pandeni, jua linatuacha."

Watu wakaanza kupanda. Mama Tatu alivutwa juu pamoja na mtoto wake, akicheka sasa, akimwomba Baba asimwekee kinyongo. Mama yangu hakupanda. Alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, amechovya kidole katika lile bonge jeupe na kukinusa. Akanivuta mkono, akanusa nywele zangu, akanusa tena kidole.

"Baba Zuhura," alisema kwa sauti ndogo, "mafuta yangu yamefikaje huku?"

Angeweza kujibu lolote. Angeweza kutusingizia sisi watoto kwamba tulimwaga, na kila mtu angeamini, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa. Nakumbuka nilitamani aseme hivyo. Nilikuwa tayari kuchapwa. Badala yake alivua kofia yake ya kazi.

"Shukeni," alisema. "Shukeni wote. Nimeyatia mimi, kwenye breki."

Alieleza akiwa amesimama palepale. Mafuta ya breki yalikuwa hayapatikani, si stoo ya kazini wala madukani. Fundi mmoja wa Buguruni alimwambia madereva wengine hutia mafuta ya nyonyo wakabahatika. Nyonyo alikosa, akaona mafuta ni mafuta, akachukua ya nazi. Breki zilishika vizuri, hata akajipongeza. Hakujua kwamba yanazilainisha na kuzivimbisha raba za ndani mpaka zinaachia. Alipoyaona mchangani alielewa, na bado alidhani angeendesha polepole, wafike, warudi. Alipomaliza kueleza aliingia ndani ya lori na kukanyaga breki, mlango ukiwa wazi ili watu waone. Ikazama mpaka chini bila kushika kitu.

Watu walitazamana. Kila mmoja wao aliujua mteremko wa Pugu. Mama Tatu alikaa chini kwenye mchanga, akamtoa mtoto mgongoni na kumpakata.

Kesho yake Baba alikwenda kujieleza kazini mwenyewe, kabla hajaitwa. Walimnyang'anya usukani, wakampa kazi ya kulinda geti la ghala, na hakuendesha gari tena maisha yake yote. Niliona aibu, nikamkasirikia kwa muda mrefu; watoto hawakuwa na kitu tena cha kuniomba. Alipokuwa mzee nilimuuliza kama aliwahi kujuta kusema. Akaniambia alijuta kila lori lilipopita.

Leo pale penye baraza yetu pana ghorofa la maduka ya vipuri, na makopo ya mafuta ya breki yamepangwa mpaka darini. Kijana akuuziaye hajui jirani yake anaitwa nani, wala simlaumu, maana jirani mwenyewe huhama kila mwaka. Watu waliokuwa wapande lori lile walitawanyika Buguruni, Mbagala na kwingineko. Wengi wao nimewazika. Mama Tatu alikwenda kwa presha, akiwa na vitukuu. Mzee Kibwana kwa uzee tu, usingizini. Wamekufa, lakini kila mmoja kwa siku yake.