Penalti ya Joyline

"Mama Ryan, kumbe ile penalti ulikosa?"

Swali hilo Joyline aliulizwa na jirani yake Veronicah Jumamosi moja asubuhi, wakichota maji kwenye tangi la ploti yao, huku Kangemi, upande ulio karibu na Mountain View. Veronicah hakuuliza kwa ubaya. Ameingia kanisani kwetu juzi juzi tu, na alichokiona kwenye simu ndicho alichokiamini.

"Penalti gani?" Joyline akamjibu, ingawa maishani mwake amepiga penalti moja tu.

Joyline alikuja Nairobi kutoka Vihiga akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Kwa zaidi ya miaka thelathini amefua na kupiga pasi nguo za watu Kileleshwa, akipanda ngazi za gorofa hadi magoti yakaanza kulia. Watoto wake watatu amewasomesha kwa mikono hiyo hiyo. Ni mtu mnyamavu. Kwenye kwaya anaimba sauti ya pili, ile ambayo watu huikumbuka siku isipokuwepo. Katika maisha hayo yote ya kusimama nyuma ya wengine, kuna siku moja alisimama mbele.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa 1999. Akina mama wa kwaya walicheza mpira na akina mama wa jikoni, wale wanaopika kanisani. Mimi nilikuwa kwaya, lakini kazi yangu ilikuwa kushika viatu. Kipa wa jikoni alikuwa Millicent, rafiki yake Joyline, mwanamke mpana aliyekuwa akijaza goli vizuri. Tulikuwa sare ya bila kwa bila, na muda ulikuwa unaisha, tulipopewa penalti. Wote wakaogopa. Joyline akavua viatu akanipa, akakunja sketi, akapiga. Mpira ukaingia. Tuliimba mpaka sauti zikakauka.

Mzee Lalit, mpiga picha kutoka Adams Arcade ambaye kanisa lilikuwa limemwalika, alipiga picha wakati mpira uko hewani. Joyline mguu juu, Millicent amejirusha, mpira katikati. Picha hiyo imetundikwa ukutani kwa Joyline tangu wakati huo. Kila mgeni huonyeshwa kabla hajapewa chai. Lakini ukiitazama sana, mpira kwenye picha haujafika popote.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Millicent alipofikisha miaka sitini, binti yake Phoebe, anayefanya kazi ofisini huko tao, katikati ya jiji, aliichukua nakala ya picha hiyo aliyokuwa nayo mama yake akaitia kwenye AI, hiyo akili ya kompyuta inayofanya picha iende kama sinema. Kikatoka kivideo cha sekunde nane. Joyline anapiga, mpira unaruka, Millicent anaruka kama paka, anaudaka, anaukumbatia kifuani, anainuka akitabasamu. Phoebe akakirusha kwenye kundi letu la WhatsApp.

Kundi likawaka moto. "Kipa wa taifa!" "Mama hoyee!" Hata mchungaji akaweka mikono ya kupiga makofi. Tuliokuwepo mwaka ule tumebaki wachache, nasi tulinyamaza tukidhani ni utani wa sikukuu ya kuzaliwa.

Sisi akina mama tumezoea wivu wa waume. Huu ulikuwa wivu wa sekunde nane, nao ulimla Joyline kama mchwa. Alikitazama kile kivideo mpaka simu ikapata moto. Kanisani alihama benchi. Baada ya ibada, wakati wa chai, akina mama vijana walimzunguka Millicent wakimwomba awaeleze alivyoudaka. Millicent hakukubali wala hakukana. Alicheka tu akasema, "Ah, nguvu ni za Bwana."

"Bwana aliona mpira ukiingia!" Joyline aliniambia.

Wiki hiyo alifunga siku tatu bila chakula. Nilipomuuliza anaombea nini akasema, "Mungu anitoe huu wivu." Siku ya nne akaniomba nimsindikize Adams Arcade.

Studio siku hizi inaendeshwa na Nayan, mwana wa mzee Lalit, naye pia ana mvi. Aliitambua picha mara moja. "Hii ni mkono ya baba," alisema. Akaiingiza kwenye kompyuta. "Sasa sema vile unataka, mama. Naandika hivyo hivyo vile umesema."

Joyline akavuta pumzi. "Andika: Joyline anamfunga Millicent." Kisha akaongeza, "Anamfunga kabisa, na Millicent analia."

Tukangoja. Picha ikaanza kwenda. Joyline wa kwenye kioo aliuacha mpira, akamkimbilia Millicent, akatoa kamba sijui wapi, akamfunga mikono, kisha akamfunga kwenye mlingoti wa goli. Millicent akalia machozi.

Nayan aliangusha kichwa mezani kwa kicheko. "Si ni wewe umesema umfunge, mama!" Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Joyline hakucheka.

"Wacha niandike tena," Nayan akasema akipangusa macho. "Niseme mpira uingie kwa neti. Ni dakika moja tu."

"Hapana. Futa," Joyline akasema. "Hiyo mashine imenisikia vizuri."

Kutoka hapo hakwenda nyumbani. Tulienda moja kwa moja kwa Millicent, tukamkuta mlangoni akichambua kunde.

"Millicent, ule mpira uliingia."

"Najua uliingia. Kwani sikuwa hapo?"

"Mbona basi hukuwaambia watu?"

Millicent aliweka ungo chini. "Mama Ryan, wewe umeufurahia huo mpira miaka ishirini na sita. Kila mgeni wako anapelekwa ukutani, na mimi niko kwa huo ukuta nimerushwa hewani kama gunia. Wananicheka, nawe unawamiminia chai. Mimi nimefurahi wiki mbili tu, ukaona ni nyingi?"

Millicent akamnyooshea Joyline vidole vyake.

"Tena vidole vyangu viliugusa. Vilikaa na uchungu mpaka Jumapili. Umewahi kumwambia mtu hata siku moja?"

Joyline alivuta kigoda, akachukua konzi ya kunde, akaanza kuchambua. Hawakukumbatiana. Jumapili walikaa benchi moja, ingawa katikati yao kulikuwa na Biblia mbili na mkoba. Ningependa kuandika kwamba wivu uliisha siku ile, lakini ningekuwa nadanganya. Ulipungua kidogo tu, kama homa.

Sasa chama chetu cha akina mama kinatoa kitabu cha miaka thelathini, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuandika habari za kila mmoja. Wengine wametaka niandike watoto wao, wengine nyumba walizojenga. Nilimwendea Joyline nikamuuliza yeye anataka nini. Alifikiri kidogo, pasi mkononi, kisha akasema:

"Andika mpira uliingia. Na uandike Millicent aliugusa."