Nyuma ya Anayetangulia

Jumamosi ile ilianza kwa kicheko. Watu wa kanisa letu, wengi wao wasusi na wauza simu wa katikati ya Durban, walikuwa wamekodi taxi moja, yaani basi dogo la huku, kwenda milima ya Drakensberg kutazama theluji, na kila mtu alikuwa amevaa karibu nguo zote alizonazo. Maman Clarisse, mwenye saluni ninayofanyia kazi, alijifunga kitenge juu ya suruali mbili, akafunika soksi zake kwa mifuko ya plastiki.

"Vita tuliikimbia," alisema, "sasa baridi tunaifuata sisi wenyewe, na tunailipia. Vraiment, kweli kabisa, batu ya Kongo tuko na akili?"

Mama alikaa karibu nami dirishani, mkono mmoja umeshika ukingo wa koti langu. Sikushangaa. Tangu tufike Durban, Mama hatembei mbele yangu wala ubavuni. Hutembea nyuma, ameshika koti. Tukingoja robot, taa ya barabarani, iwe kijani ili tuvuke, ameshika. Sokoni, ameshika. Majirani humtania kwamba mimi ni kichwa cha treni na yeye ni behewa. Nilikuwa nimezoea, ingawa, nisiseme uongo, siku nyingine nilichoka. Mwanamke wa umri wangu kuvutwa koti mbele ya wateja wake si jambo la kufurahisha. Nilijua anaogopa magari, nikamwacha ashike.

Milimani tulipokewa na kiongozi wetu, Baba Mkhize, mwanamume wa makamo aliyekulia chini ya vilele vile. Theluji ilikuwa imeanguka tangu juzi na hakuna aliyekuwa amepanda. Alitupanga katika mstari mmoja, akatueleza kwa Kiingereza chepesi jinsi ya kwenda. Wa mbele anashika fimbo, anachoma theluji kabla ya kukanyaga, maana theluji huficha mashimo na vijito. Wa nyuma wanaweka miguu yao katika nyayo zake. Na kwa kuwa wa mbele ndiye anayechoka na kulowa, hushika zamu kidogo tu, halafu husimama kando, mstari ukampita na yeye akaingia mwisho.

Wenzangu walicheka wakipuliza mvuke midomoni. Mimi sikucheka, kwa sababu mwendo huo niliujua. Nilikuwa nimekulia ndani yake.

Kwetu, katika milima iliyo juu ya Uvira, hakuna theluji, ila kuna umande. Nyasi humfika mtu kifuani, na asubuhi huwa zimelowa kama nguo iliyotoka kufuliwa. Anayetangulia hulowa mwili mzima, wanaofuata hupita wakavu. Nyumbani kwetu kazi ya kutangulia ilikuwa ya Baba. Alikuwa na fimbo ya mwanzi ya kukung'utia umande, akipiga nyasi kulia, akipiga kushoto, akiimba vibaya sana nyimbo za kanisani. Mimi nilimfuata, Mama akafunga mlango, kwa maana ya kwamba ndiye aliyekuwa wa mwisho. Baba hakukanyaga umande wa shule hata siku moja, na alipenda kujitania kwamba Mungu alimlipa kwa kumpa umande mwingine wote uliobaki.

Siku moja kabla ya kukimbia ilikuwa ya kawaida kabisa. Mama alianika mihogo. Baba alitengeneza mpini wa jembe, akajikata kidole, akalalamika mpaka jioni. Nilimcheka. Nafurahi kwamba nilimcheka.

Wakati huo vita vilikuwa vimeshapanda mlimani, na umande ulikuwa umepata kazi nyingine. Wenye bunduki walitembea usiku. Basi asubuhi, njia ambayo nyasi zake zimelala na kukauka ilikuwa ya kuogopwa, kwa kuwa kuna waliopita. Njia yenye umande mzima ilikuwa yetu. Kila mtu wa kwetu alilijua hilo, hata mtoto mdogo. Ulikuwa ndio ulinzi tuliokuwa nao.

Asubuhi ile ya kukimbia, risasi zililia bondeni kabla hatujanywa uji. Tulitoka kama tulivyozoea. Baba mbele na fimbo yake. Mimi nyuma yake, nimejitwika sufuria iliyojaa vyombo. Mama mwisho, mfuko wa unga begani. Tulifika mahali njia inapogawanyika. Upande mmoja nyasi zilikuwa zimekanyagwa. Upande wa pili umande uling'aa, hakuna jani lililoguswa.

"Kule kuko batu walipita," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Huku umande iko muzima. Tuende."

Tulikwenda.

Fimbo ilipiga kulia. Ikapiga kushoto. Baba hakuimba.

Kisha fimbo ikasimama.

Mlio wa risasi ulikuwa mmoja. Baba alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka na safari.

Kitu kilinivuta sweta kwa nyuma. Sufuria ikaanguka. Nikaangukia juu ya Mama, tukaporomoka pamoja mpaka kwenye kijito, na mkono wake haukuachia.

Wenye bunduki walikuwa wamelala nyasini tangu jioni. Walifika kabla umande haujaanguka, na ulipoanguka uliwafunika wao na alama za miguu yao. Hilo nililielewa miaka mingi baadaye, nikiwa nasuka nywele za mtu hapa Durban, na ilibidi niombe ruhusa nikanawe uso. Hatukurudi kumzika Baba. Kama kuna aliyemzika, hatukumjua. Kwa muda mrefu nilimkasirikia Baba, Mungu anisamehe, nilimkasirikia kwa kuchagua njia ile, kama vile maiti inaweza kujibu.

Sasa nilikuwa Drakensberg, na zamu zilikuwa zinakuja. Maman Clarisse alitangulia, akazama mpaka magotini, akapiga kelele, watu wakamshangilia. Alipochoka alisimama kando na kunikabidhi fimbo.

Nilitazama mbele.

Kulikuwa na weupe mtupu ukipanda mpaka kwenye mwamba. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Wenzangu waliona uzuri, na kweli palikuwa pazuri. Mimi niliona njia ambayo hakuna aliyeipita, na miguu yangu ilijua maana yake kabla yangu. Ilikataa.

Baba Mkhize aliniuliza kama niko sawa. Alisema si lazima, mwingine anaweza kushika zamu. Maman Clarisse alianza utani, akaniona uso, akauacha katikati. Nilijua kwamba nikirudi nyuma hakuna atakayenicheka. Nilijua pia kwamba nikirudi nyuma, njia ile ya kwetu itakuwa imenifuata mpaka huku, na itaendelea kunifuata kila nitakapokwenda.

Nikahisi koti linashikwa.

"Enda, mutoto wangu," Mama alisema nyuma yangu. "Niko nakushika."

"Na kama kuko batu?"

Swali lilinitoka kwa sauti ya utotoni. Nilikuwa na miaka mingi sijazungumza hivyo. Mama hakuniambia kwamba hapa Afrika Kusini hakuna vita, wala kwamba ni theluji tu.

"Kama kuko batu, nitakuvuta. Siku ile nilikuvuta."

Nilichoma theluji kwa fimbo. Ilikuwa ngumu chini. Nikakanyaga. Nikachoma tena. Machozi yalinitoka na kupoa mashavuni, na nyuma yangu nilisikia mabuti ya Mama yakiingia katika nyayo zangu, moja baada ya nyingine, na mvuto mdogo wa koti kila alipopoteza pumzi. Zamu yangu ilipokwisha, Baba Mkhize alinyoosha mkono apokee fimbo. Nilimwomba niendelee kidogo. Niliendelea mpaka mwambani.

Tulipumzika pale, tukanywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya Maman Clarisse. Wengine walikwenda kupiga picha. Mama alikaa juu ya mfuko wa plastiki, akapangusa theluji magotini.

"Weye unafikiri ninaogopa magari," alisema.

Nilikiri kwamba ndivyo nilivyofikiri.

"Magari iko na robot. Mutu wa mbele haoni mugongo yake. Ule wa nyuma ndiye anaiona. Siku ile mukono moja ilishika unga. Ile ingine ndiyo ilikupata." Alitazama nyayo zetu zilizoshuka mpaka chini. "Umande baba yako aliusoma muzuri. Usimukasirikie tena. Hata mimi ningepita pale."

Sikuwahi kumwambia Mama kwamba nilimkasirikia Baba.

"Na yeye?" niliuliza. "Hukuweza kumfikia?"

"Kati yangu na yeye ulikuwa weye."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama anavyosema bei ya nyanya, halafu akaomba aongezewe chai. Nami nilikaa na kikombe mkononi mpaka kikapoa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemhesabu mama yangu kuwa mwanamke aliyevunjwa na woga, ninayemburuta mjini kwa huruma. Kumbe ni yeye aliyekuwa kazini, kila siku, kwenye kila robot, na hajaomba mapumziko.

Tulishuka katika nyayo zetu wenyewe. Kushuka ni rahisi njia ikiwa imeshafunguliwa. Mama alishika koti, sikulivuta, na Jumatatu yake tulipovuka barabara kwenda saluni alilishika tena. Majirani walitania juu ya behewa, nikacheka nao.

Lakini jambo moja Mama hakulisema pale mwambani, na sidhani atalisema, kwa sababu ananipenda. Anayetangulia huhitaji mtu wa nyuma mwenye mkono ulio wazi. Nyuma ya Baba nilikuwa mimi. Nilikuwa mtoto, hakuna anayenidai kitu, na hata nafsi yangu hainidai. Ila bado ninaiona fimbo ikisimama, na mgongo wa Baba uko karibu kiasi kwamba ningeweza kuugusa, na mikono yangu yote miwili iko juu, imeshika sufuria.