Mum Alilaminate Barua ya Daktari Akidhani Kesi ya Bro Imeisha

Sauti ya ile mashine ya kulaminate bado naisikia. Mmmmm, polepole, na harufu ya plastiki moto.

Wakuu, niaje. Hii ni ya kwetu nyumbani, sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu.

Nafanya kazi kwa cyber, duka la internet na kuprint, hapa mtaani Free Area. (Siku moja nitafungua yangu, yenye AC na maua kwa dirisha. Mtaona.)

Bro yangu Kevo, 27, alishikwa akiwaonyesha wanawake uchi wake karibu na saluni. Haikuwa mara ya kwanza. Kortini alikubali makosa, na hakimu akaitisha ripoti ya daktari wa akili kabla ya hukumu.

Nyumbani kila mtu alikuwa na dawa yake. Pastor alikemea pepo. Uncle akasema aoe, itaisha.

Ripoti ikaja: exhibitionistic disorder, yaani ugonjwa wa hamu ya kuonyesha watu uchi wako. Daktari alitueleza pole pole. Si kila mtu mwenye anafanya hivyo ako na huo ugonjwa, ndio maana wanapima kwanza. Kama shida ni pombe, wanatibu pombe. Kevo alihitaji counselling ya kujua dalili zake mapema, na dawa ikibidi.

Mum alisikia neno moja tu: mgonjwa.

Akaleta hiyo barua ya ripoti kwa cyber, nikailaminate, akaenda nayo mbio kwa Mama Ciru wa saluni, mmoja wa wale wanawake. Nikamfuata.

"Soma mwenyewe! Kijana yangu hana makosa, ni ugonjwa. Toa hiyo kesi."

Mama Ciru akazima blow-dry.

"Mathe, na mimi nafunga saluni saa kumi juu ya uoga, nimeandikwa wapi hapo?"

Mum akachukua barua yake akatoka.

Jioni Kevo mwenyewe, mwenye alikuwa nje kwa dhamana, akamwambia, "Mum, wacha kuzungusha hiyo barua. Nilijua nafanya nini. Daktari alisema nitibiwe, hakusema nisamehewe."

Wakuu, nililia kwa furaha.

Alipewa probation, kifungo cha nje, na clinic kila Alhamisi. Anaenda bila kusukumwa, anarudi na ndizi, tunacheka tena. Hajapona kabisa, lakini anajua akianza kuteleza inaanzia wapi.

Nimejifunza jina la ugonjwa linakuonyesha njia ya kutibu, halifuti kosa. Mama Ciru bado aliumizwa.

Wenye mmepitia kitu kama hii, mlikaa aje na mtu wenu? Niandikieni, matusi wekeni kando.

Ah, clinic walitaka mtu wa familia wa kupigiwa simu Kevo akilemewa na hiyo hamu. Mum alikataa, ati kusaini ni kukubali shida bado haijaisha. Fomu imekaa juu ya kabati wiki mbili.

Leo asubuhi, wote wakiwa kanisani, nimeishusha nikasaini.