Mbwa wa Mama na Kikapu cha Ngozi

Mbwa aliingia uani kwetu Chemchem, mjini Tabora, kabla ya mama. Mama alikuwa bado anashuka kwenye bajaji, anapapasa chini kwa mguu, na mbwa tayari amesimama katikati ya ua, anatutazama mmoja mmoja kama askari wa barabarani anayechagua gari la kusimamisha. Kila mtu uani akajikuta ameegemea ukuta. Mimi niliuegemea wangu kwa nguvu hadi chokaa ikanibaki mgongoni wiki nzima.

Nisitie chumvi nyingi: hakuwa mkubwa kama ng'ombe. Alikuwa mkubwa kama ndama. Sikio moja limechanika katika vita ambayo hakuna aliyenisimulia, na kwa meno yale ungeweza kulima matuta ya viazi na jembe ukaliacha nyumbani.

"Shikamoo, mama," nilisema kutoka ukutani.

"Marahaba. Mbona sauti yako iko mbali?"

"Niko hapa hapa, mama."

"Basi njoo unipokee mzigo."

Nikasogea kidogo. Mbwa akatoa sauti. Si kubweka, mbwa anayebweka namweza. Hii ilikuwa ya chini, kama mashine ya kusaga iliyowashwa nyumba ya tatu, unaisikia kwanza kwenye magoti. Nikarudi kwenye chokaa yangu.

Mama alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na daktari alishatuambia waziwazi kwamba jicho la kulia likiendelea kungoja halitabaki na cha kuokoa. Mbwa huyu aliletwa na mjomba kutoka Ipole baada ya macho kuzima, kwa hiyo mama hakuwahi kumwona hata siku moja. Alimjua kwa mkono. Kule kijijini Kwihara ndiye aliyemtangulia kisimani na shambani, na Jumapili alimngoja mlangoni mwa kanisa mpaka misa iishe. Jina hakumpa. Alimwita mwenzangu tu. Alikubali kuja mjini kufanyiwa upasuaji kwa sharti moja, na sharti lenyewe ndilo hilo lililosimama uani likitutazama.

Mwenye nyumba wetu ni fundi wa makubadhi. Babu yake alikuwa Mzaramo, alipanda na msafara kutoka pwani enzi zile za kubeba mizigo kichwani, akafika hapa, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo tangu nilipopanga kwake hatujawahi kuamkiana kistaarabu. Lakini siku mbwa alipomrukia mke wake, aliyekuwa anamletea mama uji, hakuja na utani. Mbwa alikuwa ameondoka na pindo la khanga, bakuli likavunjika. Fundi alisimama mbali na mlango wangu, mikono nyuma.

"Mtani, na mama ni mgeni wangu vilevile, sina neno naye. Ila ua huu una wajukuu. Huyo mnyama afungwe mdomo. Siku atakayomuuma mtu, siku hiyo hiyo aondoke."

Mama akajibu kutoka ndani, kwa upole kabisa, "Akiondoka, tunaondoka wote. Na jicho tunakwenda nalo."

Hapo ndipo hofu yangu ilipopata mtoto. Nilikuwa namwogopa mbwa. Sasa nikawa naogopa na kumkosa.

Nilianzia duka la dawa za mifugo. Muuzaji akanipa kifunga mdomo cha kitambaa, kama soksi iliyokatwa vidole, akaapa kwamba kinamfaa mbwa yeyote duniani. Bwana mifugo alikuwa pale dukani ananunua dawa ya kupe. Akacheka.

"Hicho mimi namvalisha mbwa dakika chache, nikimchoma sindano. Mbwa hatoki jasho kama wewe. Anapoa kwa kuhema. Umfunge hivyo kwenye jua hili la mwezi wa kumi, jioni unachimba shimo."

Biolojia nilisoma, tena kwa shida, masomo ya jioni, nina ndevu na watoto. Lakini siku ya somo la kupumua taa zilizimika. Nikarudisha soksi, nikaenda kwa wachomelea vyuma. Wao walikuwa tayari kunitengenezea kitu cha nondo ambacho, ukikigeuza, ni dirisha. Kwa usalama wangu binafsi nilikipenda sana. Nilitaka hata waongeze kitasa. Bwana mifugo nilipomwonyesha mchoro alinishika bega.

"Utamvunja shingo. Tafuta cha mfano wa kikapu. Aheme, anywe maji, umpe kitu kidogo apokee, ila asiweze kuuma. Na umzoeshe polepole. Ukimvalisha kwa nguvu siku moja, hatakusamehe."

Neno hilo hatakusamehe lilinishuka mpaka kwenye nyayo.

Ngozi na mkono wa kuisuka vilikuwa kwenye kibaraza cha nyumba ninayoishi. Nikaenda kwa fundi. Alinisikiliza huku anapiga kubadhi nyundo.

"Nitashona," akasema. "Lakini mbwa simgusi, nina udhu wangu. Niletee vipimo. Urefu wa pua, na mzunguko wa mdomo ukiwa wazi."

"Wazi?"

"Sasa atahemaje? Umpime amefunga, nishone soksi nyingine?"

"Na akiniuma?"

"Ukifa, mtani wako nani? Nakuzika mwenyewe. Jeneza nawadai ndugu zako wa Kwihara, ubwabwa nakula mimi."

Nilipima. Mama alikaa kwenye mkeka, kichwa cha mbwa mapajani, anamkuna chini ya koo, mimi nimepiga magoti na uzi wa fundi. Jasho lilinitoka hata kwenye kucha. Kila nilipopeleka uzi, ile mashine ya kusaga iliwaka. Mama akaanza kusema naye Kinyamwezi, taratibu, maneno ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuambiwa, na mbwa akapiga mwayo. Nikazungusha uzi. Pumzi yake ilikuwa ya moto, inanukia dagaa, na ndani ya mwayo ule niliona mbali sana, nadhani mpaka Ipole.

Fundi alisuka kikapu kizuri kuliko makubadhi yote aliyowahi kushona: vipande vyembamba vya ngozi laini, nafasi za kupitisha hewa, mkanda wa nyuma ya masikio wenye bizimu ndogo ya shaba, kama ya mkanda wa suruali. Ikabaki kumshawishi mbwa mwenyewe. Bwana mifugo alisema nitumie anachokipenda. Nyama aliichukua akakimbia nayo, karanga alizitemea mguuni pangu.

"Asali," mama akasema. "Kwetu hata mgonjwa asiyekula anakula asali."

Tulikuwa na ndoo ya mjomba, asali nyeusi ya miombo, bado na masega. Nikapaka kidogo ndani ya kikapu, nikakiweka chini, nikaruka ukutani. Mbwa akanusa, akatia pua, akalamba. Ndivyo tulivyoendelea. Kikapu chini, kisha kikapu mkononi mwangu, mkono nimeunyoosha mpaka bega likalia. Kisha mkanda juu ya shingo bila kufunga. Akitikisa kichwa, natoa, naanza upya. Akitulia, naongeza asali. Ikafika siku nikafunga bizimu, akazunguka ua mzima amevaa, wajukuu wa fundi wakimpigia makofi kutoka madirishani. Sikuacha kuogopa. Ila hofu ya kufa ilipungua ikawa hofu ya kupoteza vidole, na hiyo mtu anaweza kuishi nayo.

Asubuhi ya upasuaji mama alitaka mbwa amsindikize mpaka getini pa hospitali. Njia nzima, bajaji, watu, pikipiki! Nikaona leo atulie kuliko siku zote. Nikamimina asali kwenye kikapu kama namwagilia mchicha, nikamvalisha, nikafunga bizimu tundu la mwisho. Tukakaa juani mbele ya nyumba kungoja bajaji, mama ameviringisha kamba ya mbwa kwenye kifundo cha mkono.

Mwezi wa kumi, mvua bado, vijito vimekauka. Wakati huo muuza juisi sokoni kwetu anafunika ndoo yake kwa chandarua, kwa sababu nyuki wanatafuta chochote chenye unyevu na utamu. Mtoto mdogo wa Tabora anajua. Na mimi, mjukuu wa warina asali, nilikuwa nimemtundikia mbwa chupa ya asali puani.

Alianza mmoja. Kisha watano. Nikawapunga kwa kofia, na huo ukawa ujinga wa pili. Mara kikapu kikawa kinatembea chenyewe, cheusi, kinavuma. Mbwa akalia. Sijawahi kusikia kilio kile. Alikuwa anajikwaruza uso kwa miguu, meno yako ndani ya kikapu, hawezi kuwakamata, na kila alivyojikwaruza ndivyo walivyomchoma. Akavuta. Mama akayumba kwenye kigoda.

"Mama, achia kamba!"

"Atapotea! Siachii. Tulieni, msikimbie!"

"Mfungue!" Fundi alikuwa anapiga kelele kutoka kibarazani, yeye aliyekuwa kila siku ananiambia mfunge. "Mtani, mfungue, atamburuza mama!"

Mvuto mmoja zaidi na mama angekwenda kifudifudi, na jicho lile lisingefika kwa daktari. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka nimelala juu ya shingo ya mbwa, natafuta bizimu kwa vidole, na bizimu imeganda kwa asali, na nyuki wanaingia kwenye mikono ya shati langu kama abiria. Nilikuwa nalia kwa sauti. Mkanda ukaachia. Nikakirusha kikapu barabarani, nyuki wakakifuata, na mbwa, kwa uchungu wake wote, akafunga meno kwenye kifundo changu cha mkono.

Kisha akaachia mwenyewe, akajikunyata kwenye miguu ya mama.

Damu ilikuwa inatoka. Fundi alishuka kibarazani na ndoo na sabuni. Alinishika mkono ule ule wenye mate ya mbwa, akausugua chini ya maji yanayotiririka, akausugua tena, mpaka nikamwomba aniachie ngozi kidogo. Alipomaliza akachota udongo, kama dini yake inavyotaka kwa mate ya mbwa, akaanza kunawa yeye. Nilikuwa namtazama, nangoja neno. Mama naye alikuwa anangoja, nilimwona ameinua uso.

"Nilisema akimuuma mtu," fundi akasema, anasugua vidole. "Huyu kamuuma Mnyamwezi. Sijaona mtu aliyeumwa hapa."

Mama akacheka, na mimi nikakaa chini.

Bajaji ikafika. Mama hakuinuka. Alikuwa anapapasa pua ya mbwa, iliyovimba kama andazi, anatoa miiba mmoja mmoja kwa kucha. "Siwezi kumwacha hivi," akasema. Dereva akapiga honi. Nikahisi jicho linaondoka mbele yangu.

"Nitakaa naye mimi," nikasikia mtu anasema, na alikuwa mimi.

"Chumbani? Bila kumfunga mdomo?"

"Bila."

"Ukimwacha peke yake nitajua."

Akapanda na mke wa fundi, wakaenda. Mimi nikapitia zahanati ya jirani nichomwe sindano ya kwanza ya kuumwa na mbwa, ingawa huyu alikuwa amechanjwa, huku fundi akishika kamba kwa ncha ya mwisho kabisa, mkono umenyooka kama mvuvi wa samaki asiyemtaka. Kisha nikaingia chumbani na mbwa, nikafunga mlango. Tulikaa hivyo mpaka mama aliporudi amefungwa bandeji, mbwa kona yake, mimi kona yangu, wote tumevimba, kila mmoja anausikilizia mlango. Akihema, nashtuka. Nikikohoa, anashtuka. Sikuwahi kuogopa kwa muda mrefu hivyo mfululizo.

Kesho yake bandeji ilifunguliwa hospitali. Njiani kurudi mama alisoma rangi za kuta, akahesabu mbuzi, akaniambia nimezeeka. Alipoingia uani, mbwa alimtambua kwa mbali, akaja anakimbia, kichwa kimevimba kama cha kiboko, jicho moja limeziba, sikio limechanika, meno yote nje kwa furaha.

Mama alipiga yowe. Akarudi nyuma mpaka akanigonga, akashika shati langu kwa mikono miwili, akajificha mgongoni mwangu.

"Huyu nani? Mshike! Mwanangu, mshike!"

"Mama, ndiye mwenzako."

"Huyu?"

Mbwa alisimama, hajui alichokosea. Hakukuwa na mwingine wa kumshika. Nikanyoosha mkono ambao haujaumwa, nikamshika ukosi. Nyuma yangu nilimsikia mama anapumua kwa nguvu, kisha anaanza, polepole sana, kusema naye Kinyamwezi, bado hajaachia shati.